Kisogo cha Wifi

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake, alifiwa na mwanawe wa miaka minne kwa homa. Hata matanga hayajaisha, wifi yake akasema mbele ya wanawake waliokuwa wakiosha vyombo, "Mtoto anachemka, mama mtu yuko kwenye cherehani anamalizia gauni la harusi!"

Neno hilo lilimkwama Sindano kooni kama mwiba wa samaki. Kanisa hakuliacha, alizidi hata kuwahi. Ila aliketi benchi la mwisho, apate kukiona vizuri kisogo cha wifi yake. Wifi akipiga magoti, yeye hunong'ona, "Mnafiki." Akiinua mikono, "Mwone!"

Mama mkwe wake miguu ilikuwa imemgomea, hatoki ndani. Jumapili moja alimwuliza, "Haya mwanangu, nigawie na mimi. Mchungaji kahubiri nini?"

Sindano akatafuta mahubiri kichwani. Alichokumbuka ni kilemba cha zambarau, pindo limefumuka upande wa kushoto, na kwamba mwenye kilemba alikohoa mara tatu.

"Nimesahau, mama."

"Na Jumapili iliyopita ulisahau. Kwani wewe huwa unakwenda kumwona nani?"

Sindano aliacha chakula. Alikwenda akaketi kwenye cherehani, miguu juu ya pedali, asikanyage. Tangu amzike mwanawe, hakuwa amemwambia Mungu neno hata moja juu ya mtoto mwenyewe. Yote yalikuwa mashtaka ya wifi. Na chini ya mashtaka hayo palikuwa na hofu: gauni lile kweli alilimaliza.

Jumapili iliyofuata alipita moja kwa moja hadi benchi la mbele. Shingo ilimwasha. Aligeuka mara mbili, mara mbili akajirudi. Kisha akainama.

"Bwana, nilimlaza nikidhani joto litashuka. Nikamalizia gauni kwanza."

La kuongeza hakuwa nalo. Akawa analitaja tu jina la mwanawe, machozi yakimdondokea magotini.

Wifi hakuomba radhi, siku ile wala baadaye. Mlangoni walipeana ncha za vidole, kila mmoja akashika njia yake. Sindano bado huketi mbele. Zipo Jumapili ambazo hugeuka mara kumi, na mara kumi huurudisha uso wake.