Mpira wa Adabu

Mpira wenyewe ulikuwa mwepesi, hata mtoto wa darasa la tatu angeuokoa. Ulivuka wavu kwa uvivu, ukaishiwa nguvu hewani, ukashuka katikati ya wasichana watatu wa timu ya kijiji cha Gruenhoff. Neta Hiebert aliunyoshea mikono, akamwona Tina naye kanyosha, akarudi nyuma hatua moja kumpisha. Tina akarudi hatua moja kumpisha Neta. Susch, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliwatazama wenzake kwa upole, kama mtu anayeshikilia mlango wa kanisa ili wageni watangulie. Mpira ukaanguka baina yao, ukadunda mara mbili, ukabiringika hadi kwenye viti vya akiba. Seti ya tano, kumi na tano kwa kumi na tatu. Wamefungwa.

Huko jukwaani mtu mmoja aliwaambia waendelee tu kukaribishana, kahawa inakuja. Watu wakacheka.

Ndani ya basi, njia nzima ya kurudi, kilichosikika ni mbegu za alizeti zikipasuliwa kwa meno. Kocha Marlys Dueck aliwaacha wapasue hadi mifuko ikaisha. Kisha akasimama, akashika kiti cha mbele, akawaambia kwamba mpira ule una jina. Unaitwa mpira wa adabu, na hapa duniani hauangushwi popote ila katika vijiji vyao. Yeye mwenyewe alizaliwa katika kimoja cha vijiji hivyo. Amelelewa kwenye meza ambapo andazi la mwisho hubaki sahanini mpaka liwe jiwe, maana atakayelichukua amesema yeye ni bora kuliko wenzake. Mwisho hupewa kuku.

Wasichana walicheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sahani hiyo kwao.

"Mezani ni sawa," Kocha akasema. "Uwanjani mnaniua."

Neta alicheka pamoja nao. Lakini kwao neno *wangu* lilikuwa halimaliziki. Mtoto akianza kulitamka, baba humtazama, na herufi zilizobaki hurudi kooni zenyewe. Akiwa na miaka kumi na saba, Neta hakukumbuka lini aliwahi kulifikisha mwisho.

Jumatatu Kocha alimwita pembeni. Jumamosi, alimwambia, atakuja mwanamke kutoka jiji la Winnipeg, kocha wa timu ya chuo. Anatafuta libero, yule mchezaji wa nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti na kuokoa kila kinachoanguka. Video za Neta amekwisha kuziona. Miguu ameipenda, mikono ameipenda, ila ameuliza swali moja tu: huyu binti anasema? Maana libero bubu hamtaki, hata awe mwepesi kama paka.

"Nami vilevile," Kocha akaongeza. "Mpaka Alhamisi nisikie sauti yako. Nisipoisikia, jezi anavaa Tina, na huyo mama atamtazama Tina."

Neta akaitikia kwa kichwa.

"Umeona? Hata hilo umelijibu kwa kichwa."

Kocha hakujua uzito wa jambo alilolisema, au labda alijua. Nyumbani kwa akina Hiebert, tangu mama yake Neta afariki, aliyebaki kulea nyumba ni Groossmama, bibi yao. Mwezi wa tisa Groossmama alipooza upande mmoja, na tangu hapo haachwi peke yake. Hakuna aliyesema kwamba mwenye kumtazama awe Neta. Asubuhi moja alijikuta anamlisha uji, jioni anamgeuza kitandani, na siku zikafuatana. Mwakani atamaliza shule. Dada yake Lies ameolewa, yupo ng'ambo ya barabara. Kaka yake Abe ana nguruwe. Neta alikuwa akiiona miaka yake ikishushwa mbele yake kimyakimya, kama pazia, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeamua. Chuo kile kilikuwa mlango pekee aliokuwa amewahi kuuona, na ufunguo wake ulikuwa neno moja.

Siku hiyohiyo Kocha alitundika mablanketi juu ya wavu, yale ya kushonwa vipande vipande na akina mama wa kanisa, mpaka upande wa pili haukuonekana kabisa. Alisimama nyuma yake juu ya benchi akirusha mipira. Huwezi kujua unatoka wapi. Unauona ukiwa tayari juu ya kichwa, na kabla haujakugusa uwe umeuita. Mipira ishirini mfululizo, kila mmoja umeitwa kwa sauti. Mmoja ukiguswa kimya, hesabu inaanza upya.

Jumatatu walifika saba. Jumanne kumi na mbili. Susch alikwisha kuzoea, anaita hadi mipira ya jirani. Tina aliita kwa sauti ya kuomba radhi, lakini aliita. Neta alitaja majina. Mpira ukija kwake husema "Tina" au "Susch", haraka, kwa ukarimu, na kwa vile miguu yake ilikuwa myepesi, mara nyingine alikuwa ameufikia yeye mwenyewe huku jina la mwenzake likiwa bado mdomoni.

Jumatano Kocha alimpiga marufuku majina.

Alhamisi akafunga zoezi lote juu yake. Wasichana watano wasimame mahali pao. Wasiseme, wasisogee, wasiguse mpira wowote. Anayeruhusiwa kusema ni Neta peke yake, na ana neno moja tu. Akilisema, auokoe. Asipolisema, mpira uanguke, na wote wauangalie ukianguka. Ishirini mfululizo, ndipo watu waende kwao.

Wa kwanza ulianguka mbele yake. Wa pili ulianguka nyuma. Neta alikuwa anaufikia kila mmoja kwa macho, mwili wote ukitaka kwenda, lakini mdomo ukifunguka hutoka pumzi tupu. Na bila neno hakuruhusiwa kugusa. Wa kumi. Wa kumi na tano. Sakafu ilijaa mipira, wasichana wamesimama kati yake kama nguzo za uzio, na sauti pekee ilikuwa ule mdundo, unaopungua, unaopungua, kisha kimya, kisha mwingine.

Saa kumi na mbili kasoro robo. Nje barafu, na magari ya wazazi yakinguruma palepale yalipoegeshwa ili yasigande. Neta alijua kwamba saa kumi na mbili kamili Abe anatoka kwenda kulisha nguruwe, awepo mtu wa kukaa na Groossmama au asiwepo. Akibaki hapa, bibi yuko peke yake. Akiondoka, jezi imeondoka. Alitazama mlango wa ukumbi, akatazama blanketi, akaona hana pa kuelekea.

"Neta mwenzangu," Susch alimnong'oneza, akivunja sheria, "kama mpira huutaki sema tukale. Nyumbani kuna soseji, na kaka zangu wale hawana Mungu."

"Susch, kimya," Kocha alisema kutoka nyuma ya blanketi.

"Nimekaa kimya saa nzima, Kocha. Mimi! Mama hataamini."

Mpira uliofuata ulitoka kwa kasi. Neta aliuona unakwenda kwa Tina, akajua mapema kabisa kwamba angeweza kuukata njiani kwa hatua mbili. Tina naye aliuona. Tina, mtoto mtiifu aliyeambiwa asisogee, hakusogea. Ukampiga shavuni, paa.

Kocha alishuka benchi mbio. Tina akasema hajaumia, ni sawa tu, samahani. Machozi yalikuwa yanamlenga na shavu limekuwa jekundu kama bitiruti ya supu, na bado anaomba samahani. Alipohakikisha ni mzima, Kocha akataka kumtoa. Tina akakataa, akarudi mahali pake, akasimama wima, mikono ubavuni.

Neta alimtazama. Siku zote alidhani kule kunyamaza kwake hakumgharimu mtu ila yeye.

Mpira mwingine ukachomoza juu ya blanketi, tena upande wa Tina.

"Wangu," Neta akasema.

Lilitoka dogo, bovu, limekatika katikati. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kwenda. Aliupokea vizuri.

"Sikusikia kitu," Kocha akasema.

"Wangu."

"Kuna mtu humu?"

"Wangu!"

Uso ulimwaka kama mtu aliyefumwa na mkono kwenye bakuli la sukari. Alingoja kutazamwa. Hakuna aliyemtazama hivyo. Susch alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. Kwenye wa ishirini wote walipiga kelele isipokuwa Neta, aliyekwisha kuchukua koti lake na kukimbia. Alifika nyumbani saa kumi na mbili na dakika ishirini. Groossmama alikuwa peke yake, amelala, mto umeanguka chini. Abe alikuwa ameacha taa ikiwaka.

Ijumaa Kocha alimrudishia majina. Alimwambia sasa anaweza kuyatumia kwa kuwa ameacha kujificha nyuma yake. Jina si zawadi, alimfundisha, jina ni kazi. Ukimtaja mtu unamwambia huu ni wake, na baada ya hapo wewe unakaa mahali pako.

Jumamosi Neta aliita mpaka sauti ikamkauka. Aliita yake, akawagawia wenzake yao, na mpira mmoja uliotaka kuanguka baina ya watatu aliupa jina la Susch kwa ukali hata Susch akaruka kabla hajafikiri. Walishinda seti tatu kwa moja. Yule mwanamke wa Winnipeg alimfuata ukumbi unapofagiliwa, akamwambia nafasi ipo, bweni lipo, na anataka jibu kabla ya Jumatatu adhuhuri. Jioni Neta alimwambia baba yake wakiwa ghalani. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema kesho watu watakuja.

Watu walikuja Jumapili saa tisa alasiri, kwa chakula kile chepesi cha siku ya Bwana: maandazi ya vichwa viwili, jibini, jamu ya plamu, kahawa. Baba kichwani mwa meza. Lies bila mume wake. Abe. Shangazi yao, Taunte Marie, dada wa baba, mjane asiye na mtoto, ambaye nyumba yake ina vyumba vitatu na yeye analala kimoja. Mlango wa chumba cha Groossmama uliachwa wazi kidogo.

Walizungumza barafu. Wakazungumza bei ya soya. Kisha Taunte Marie akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari, akasema kama anayezungumza na kijiko kwamba mwakani Mama pale chumbani hataweza kuachwa hata saa moja.

Pakawa kimya.

Neta alikijua kimya kile. Alijua hata umbo lake. Jambo lilikuwa limerushwa, liko juu ya meza, linashuka, na watu wanne walikuwa wanaitazama jamu. Wiki nzima alikuwa amefundishwa kitu kimoja, na mwili haukujua kwamba hapa si uwanjani.

"Mimi," akasema.

Baba akashusha pumzi. Lies akavuta jibini. Abe akameza andazi alilokuwa amelishikilia shavuni, na Taunte Marie akasema kwamba Mungu humwona mtoto mwema. Yote kwa mara moja, kwa wepesi wa ajabu, na Neta aliusikia mlango ukifungwa kana kwamba mtu ameusukuma kwa kisigino. Wenzake wa timu walau walikuwa wamenyosha mikono kabla ya kurudi nyuma. Hawa hawakuwa wamesogea kabisa.

"Mimi Jumamosi na Jumapili," akasema.

Mikono ikasimama.

"Nakwenda Winnipeg. Nitarudi kila Ijumaa jioni kwa basi. Siku hizo mbili ni zangu." Sauti ilikuwa bado imekauka, ikatoka nzito, kama ya mtu mwingine mkubwa kuliko yeye. "Abe, Jumatatu."

"Mimi nina nguruwe."

"Nguruwe wanakula mara mbili. Bibi anakula mara tatu. Jipange."

"Huyu mtoto kaanza lini kuwapanga watu wazima?" Taunte Marie aliuliza, na swali lilimlenga baba.

"Neta," baba akasema.

Katika nyumba ile jina lako likitamkwa hivyo, bila kitu mbele wala nyuma, maana yake imetosha. Lakini Neta hakuomba radhi, wala hakusema basi, wala hakuinuka kuongeza kahawa ili watu wapate mahali pa kutazama.

Saa ya ukutani ikapiga tiki tiki. Chumbani Groossmama alikohoa mara moja. Miguu ya Neta ilitaka kwenda.

"Jumanne," Lies akasema. Alisema chini sana, huku akikata kipande cha jibini kilichokwisha kukatwa. "Jumanne naweza."

Abe alimtazama dada yake kama aliyesalitiwa. Kisha akaitazama sahani yake, masikio yakiwa mekundu. Hakukubali. Hakukataa pia.

Baba alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani, polepole, robo kwa robo. Alikuwa amezeeka tangu mwezi wa tisa, na Neta hakuwa ameliona hilo.

"Na Jumatano?" baba akauliza.

Hakumwangalia Neta. Alikuwa anamwangalia dada yake. Taunte Marie aliendelea kukoroga, na kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, kinagonga, kinagonga. Neta aliingiza mikono chini ya mapaja yake, akaikalia. Huu haukuwa wake.