Fomu Kumi na Moja

Dorotea alimwona Dismas kwenye kioo cha mlango. Msimamizi wao wa zamu kutoka ghala la Downsview, Kanada, walikofanya kazi, Jumamosi mchana, anafuata nini kwenye ukumbi wa kanisa? Fomu za kujiunga na chama cha wafanyakazi zilikuwa kitini pake, kumi na moja, zote zimesainiwa. Akazikalia.

Mbele, binti yake Wema, anayesoma historia chuo kikuu, alikuwa anawaeleza wafanyakazi wenzake na mama yake habari za Wajerumani. Alikuwa amefika mwaka 1878: vyama viwili vya siasa vya wafanyakazi vilikuwa vimeungana mwaka 1875, na baada ya miaka mitatu serikali ikakipiga marufuku chama hicho na kufunga magazeti yake. Watu wakaendelea kukutana wakijifanya vikundi vya kuimba.

Dismas akaingia, akavuta kiti cha nyuma. "Endeleeni."

Noordin, mpakiaji mwenye mdomo, akanong'ona, "Mama Wema, tuanze kuimba?"

"Hebu nyamaza wewe."

Kibali cha kazi cha Dorotea kilimruhusu kufanya kazi kwa kampuni ya ghala hilo tu. Akifukuzwa, Kanada ndiyo basi tena, na Wema alibakiza mwaka mmoja chuoni.

"Hao Wajerumani waliishia wapi?" Dismas akauliza.

"Sheria ilidumu miaka kumi na miwili," Wema akajibu. "Hata kabla haijaisha, walipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote."

"Hakukuwa na waliofukuzwa?"

"Wengine walifukuzwa kwenye miji yao, hawakurudi."

Dorotea alitamani mtoto huyu angejua kudanganya, hata kidogo.

"Dada Dorotea," Dismas akasema, "umekalia nini?"

Angeweza kusema ni kitabu cha nyimbo. Akasimama.

"Fomu. Ukitaka kupeleka majina, anza na langu, na uliandike vizuri."

Dismas hakuzigusa. "Jumatatu wakubwa wataniuliza."

"Utawaambia nini?"

"Sijui, dada. Na mimi nina watoto." Akatoka bila kuaga.

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alitaka arudishiwe fomu yake airarue. Dorotea alizikusanya, akazikumbatia kifuani.

"Wema, vaa koti. Ofisi ya chama inafungwa saa kumi. Tunazipeleka leo, kabla Dismas hajaulizwa."

Akajaribu kufunga zipu ya koti lake bila kuziachia fomu, akashindwa. Wema akapiga magoti, akamfungia kama mtoto.