Ndama Pacha wa Bihogo

Gamaliel aliingia bandani kwa Kokubanza bila hodi, kamba mkononi na viatu vya kanisani miguuni, utadhani samadi ya mjane inajua kumheshimu mwenyekiti. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha maziwa pale Ijumbi, mwaka wa kumi na moja sasa, na kila uchaguzi hupita bila kupingwa kwa sababu hakuna anayetangaziwa siku yake.

"Nimekuja kumchukua mtamba," alisema.

Kokubanza hakuacha kumkamua Bihogo, ng'ombe wake mwekundu.

"Na wewe habari za asubuhi, waitu. Huyo simtoi. Nilikwambia siku aliyozaliwa, nikakwambia tena Krismasi. Alizaliwa pacha na dume. Ni tasa."

"Umeanza."

"Sijaanza leo."

Utaratibu wa kikundi unajulikana Ijumbi nzima: unapewa mtamba bure, akizaa ndama jike wa kwanza unampeleka kwa jirani aliye kwenye foleni, naye afanye hivyohivyo. Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Ndivyo Kokubanza alivyompata Bihogo, na hakuwa na ugomvi na hilo. Anayefuata alikuwa Jovita, mwenye watoto wanne na migomba iliyokonda kwa kukosa samadi, na Kokubanza hakutaka kumtwisha Jovita mnyama wa kula majani maisha yake yote bila kutoa kikombe cha maziwa. Jike akikaa tumbo moja na dume, mara nyingi huharibika kizazi. Hilo hakulisoma chuoni. Aliliona kwa mjomba wake mwaka 1993: jike pacha alipandishwa miaka mitatu, akaishia buchani. Na ili asiambiwe ni maneno ya wazee, alimwita bwana mifugo, Ildefons, naye akampima ndama kwa kidole na kutikisa kichwa. Sasa Bihogo ana mimba ya miezi mitano. Jike atakayefuata, huyo ndiye wa Jovita.

"Usipomtoa," Gamaliel alisema, akiizungusha kamba kiganjani, "tunamchukua mama yake. Kanuni ya saba. Jumanne njoo mkutanoni ujieleze."

Hapo mkono wa Kokubanza ulikosa chuchu. Bihogo ndiye ada ya shule, ndiye chai, ndiye samadi ya kibanja kizima cha migomba. Na sauti ile aliijua. Ng'ombe wa kwanza walipoletwa kijijini, katibu alikuwa baba yake huyuhuyu Gamaliel, naye alilikata jina la mama yake Kokubanza kwa wino wa kijani akisema wajane hawana nguvu za kukata majani. Kokubanza alikuwa na miaka kumi na miwili, amesimama palepale akiutazama ule wino. Watu humwambia hayo yamepita. Hayajapita. Yamebadilisha shati tu.

Jumanne, kwenye kibanda cha kupokelea maziwa, wanachama walikaa juu ya madumu. Kokubanza akasimama.

"Ildefons, wewe ndiye uliyempima. Waambie."

Bwana mifugo aliitazama simu yake. "Mama, suala hili ni la kitaalamu. Linahitaji maabara."

"Na siku ile ulipokula ndizi zangu ukashiba, maabara ilikuwa kidole chako?"

Watu walicheka. Gamaliel hakucheka.

"Mama huyu anakinyonya kikundi! Ndama anang'aa vile, mnono kuliko mke wangu, eti tasa!"

Wakacheka tena. Watu wetu humcheka mwizi na aliyeibiwa kwa sauti ileile.

Ndipo Gamaliel alipotoa lile alilolificha. Kamati imemwondoa Jovita kwenye foleni. Banda lake halina sakafu ya saruji. Mtamba ataenda kwa mwanachama aliye tayari. Na mwanachama aliye tayari, kamati imeona, ni mwenyekiti mwenyewe.

Jovita alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakuna aliyeinuka kumtetea. Yalisikika hata makofi mawili matatu.

Kokubanza alikuja na maneno ya kupigana mpaka jioni. Akayameza.

"Mwenyekiti, nasema mara ya nne, sasa mbele ya watu: ndama yule hatashika mimba."

"Na mimi nasema mara ya mwisho: namchukua."

"Basi andika kwamba nimemaliza deni. Kwamba Bihogo ni wangu, na atakaowazaa ni wangu."

"Naandika hata kwa herufi kubwa!"

Akaandika, akasaini, katibu akayasoma yote kwa sauti.

Alasiri walimburuta ndama hadi barabarani, miguu yake minne ikilima udongo. Kokubanza alimlea kwa chupa, maana pacha wake alikuwa akimsukuma kwenye chuchu. Mnyama hakuwa na kosa lolote. Bihogo alilia nyuma ya hori, na Kokubanza akauma meno asilie pamoja naye mbele ya Gamaliel.

Jovita alibaki langoni.

"Ungepigana," alisema.

"Ningepigana wangemchukua Bihogo."

"Kwa hiyo umejiokoa."

"Ndiyo. Na jike atakayezaliwa ni wako. Hapiti kwa kamati."

"Akizaa dume?"

"Utasubiri mwingine."

Jovita akatema mate pembeni. "Mimi simwamini tena mtu yeyote wa kikundi kile."

"Usiniamini. Kapande majani ya mabingobingo. Yanataka miezi minne, na mimba imebakiza minne. Au unafikiri ng'ombe atakula hasira zako?"

"Vipandikizi nitatoa wapi?"

Kokubanza alichukua panga, akaenda nyuma ya banda, akaanza kumkatia, na kila shina alilikata kwa pigo moja, kana kwamba lina shingo.