Bomba Nyuma ya Maua

Mama Fagio alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa mto, anaopoa nepi kwa reki, pale msimamizi wa bustani alipomjia na mkokoteni uliojaa vyungu vya maua.

"Haya, mama, yapange mbele ya bomba. Mheshimiwa yuko njiani."

Bomba lilitoka chini ya vyoo vya umma. Lilipasuka wakati wa mvua, na tangu hapo lilikuwa likitapika uchafu mtoni, karibu kabisa na pale familia zilipokuja kuogelea siku za mapumziko. Mama Fagio alikwisha kulisemea mpaka akaonekana mkorofi.

"Na lile bango la kukataza watu kuoga?"

"Ling'oe. Leo tunazindua ufukwe wa burudani, unataka kututia aibu?"

Akaling'oa, akavipanga vyungu mbele ya bomba. Harufu ilimkaba koo, lakini kilichomchefua zaidi ni mikono yake mwenyewe, ilivyokuwa hodari wa kuremba kinyesi.

Mheshimiwa akaja, akaketi chini ya hema, akasifia hewa safi. Watu wakavua viatu. Kina mama wakashusha watoto majini, na kati yao Mama Fagio akamwona binti yake wa kumzaa, kampakata mwanawe, anamchovya miguu huku anacheka.

Akamkimbilia msimamizi. "Bosi, watoe watu majini!"

"Jikaushe," msimamizi akanong'ona, tabasamu halijamtoka. "Wapiga picha wanataka watu wanaoogelea."

Mama Fagio hakujikausha. Alivibeba vile vyungu kimoja kimoja, akavibwaga kando. Bomba likabaki uchi, linabubujika. Upepo ukageukia hemani, ukamalizia kazi: wageni wakaziba pua, mheshimiwa akakatiza hotuba.

Kufumba na kufumbua hema likahamishiwa upande wa pili wa bustani, kusikofika harufu. Viti vikapanguswa, soda zikagawiwa upya, na hotuba ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyegeuka kutazama mtoni.

"Kesho usije kazini," msimamizi akamwambia.

"Sawa, baba."

Akaingia majini na sare yake mpaka kiunoni, akampokonya binti yake mtoto, akapiga kelele: "Tokeni! Mnaoga mavi, jamani!"

Wengine wakamcheka. Wengine wakaanza kutoka, wakijinusa mikono. Mpiga picha mmoja akainua kamera.

"Huyo usimpige," msimamizi akasema, akamshika bega na kumgeuza kuelekea hemani.