Mlingoti wa Bi Verna

Mashine ya kahawa ilikoroma jikoni kabla hakujapambazuka. Verna Stubblefield alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Asubuhi hiyo chama cha wenye nyumba, kinachosimamia kanuni za mtaa, kilikuwa kinakuja kung'oa mlingoti wake wa bendera, naye alikuwa ameapa kwamba haung'oki.

Mwanawe Royce alikuwa baharini na jeshi. Kabla ya kuondoka aliusimika mlingoti ule mwenyewe, kwenye changarawe mbele ya nyumba, akamwambia, "Mama, nikikukumbuka nitajua bendera inapepea." Tangu hapo bendera haikushuka. Usiku Verna aliiwashia taa, kwa maana bendera haiachwi gizani.

Jua lilipochomoza juu ya vilima vya mji wa Tucson, alitoa kiti akakaa chini ya mlingoti, mgongo ukiuegemea. Gari likasimama. Akashuka Harlan Pruitt, mwenyekiti wa chama, pamoja na fundi mwenye sururu. Fundi alizunguka mbali ili asikanyage maua, na Verna akaliona hilo.

"Bi Verna, tulikupa muda wa kutosha."

"Mlinipa. Kahawa ipo jikoni, ukitaka."

"Sikuja kunywa kahawa. Naomba uinuke."

"Sheria ya jimbo inanipa haki ya bendera na mlingoti wake, mradi mlingoti usizidi urefu wa paa. Hebu tazama juu, Harlan. Umezidi?"

Pruitt alitazama. "Kuna malalamiko. Na kanuni zetu zinasema..."

"Kanuni zenu haziwezi kuipanda sheria kichwani. Na kura yangu ndiyo iliyokuweka hapo. Ningejua, siku ile ningebaki kitandani."

Fundi alikohoa, akaficha kicheko.

"Chimba," Pruitt akamwambia.

"Bosi, kuna mtu amekaa."

"Chimba upande ule."

Sururu ikainuka. Verna akafumba macho, akaukumbatia mlingoti kwa mikono miwili. Changarawe ikaruka, ikampiga mguuni. Hakusogea.

"Acheni!"

Alikuwa Lenore Haas, jirani wa ng'ambo ya barabara, bado na joho la kulalia na ndala.

"Niliyelalamika ni mimi," alisema akihema. "Lakini sikusema bendera, Harlan. Nilisema taa. Mume wangu Wendell ametoka hospitali, kitanda chake kiko dirishani, na ule mwanga unamwangukia usoni. Halali."

Ndivyo walivyozoea mtaani pale: jirani akikukera hugongi mlango wake, unampeleka kwa chama. Na chama kilipofungua kanuni zake hakikukuta neno juu ya usingizi wa mgonjwa. Kilikuta neno juu ya bendera.

"Mbona hukuniambia, Lenore?"

"Nilikuogopa. Unaonekana mkali."

"Ni mkali kweli," Verna akasema. Kisha akamgeukia Pruitt. "Mlingoti unabaki. Hiyo ni haki yangu, siitoi. Taa nitaizima kwa ajili ya Wendell, si kwa ajili yako."

"Na malalamiko nimeyafuta," Lenore akaongeza.

Pruitt aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akarudi garini bila kuaga. Fundi alibaki nyuma kidogo, akafukia alipochimba na kusawazisha changarawe kwa kiganja.

Lakini taa ikizimwa, bendera hushushwa kila jua likitua, na bega bovu la Verna halikuweza kuvuta kamba. Tena kuikunja kunataka watu wawili. Jioni hiyo alikuwa bado anaitazama kamba aliposikia ndala zikivuka barabara. Lenore alikuja bila kuitwa. Waliishusha polepole isiguse chini, wakaikunja pembe tatu, pembe baada ya pembe.

"Royce atasemaje?" Lenore aliuliza.

"Naye hulala usiku."

Wakavuka pamoja kumjulia hali Wendell. Alikuwa amekonda, blanketi limemfika kidevuni.

"Kumbe wewe ndiye uliyenianikia jua usiku kucha," alisema.

"Nisamehe, Wendell."

Wendell aliutafuta mkono wa Verna, akaushika, akakaa nao kitambo.

"Kesho mkishaikunja, pita tena, Bi Verna. Usigonge. Ingia tu."