Mchezo wa Tarehe Ishirini na Nane

Akitokea mtu wa kukuambia kwamba mji wa Baraka uliwahi kuwa na mjuzi wa michezo ya televisheni kumpita Bertin, fundi redio, mwambie aende akaoge ziwani. Kidole gumba cha Bertin kilikuwa kigumu kama kisigino, kwa kubonyeza. Inasemekana siku moja alicheza tangu kengele ya misa mpaka bamama wanarudi sokoni bila kupepesa, nzi akatua juu ya jicho lake, akangoja weee, akachoka, akaenda zake.

Na yote hayo kwa mashine kuukuu ya michezo, kitelevisheni kisicho na rangi, betri ya gari, na kasete moja tu aliyoimaliza mara mia nne. Ndiyo maana Bertin hakuishi kwa michezo aliyokuwa nayo. Aliishi kwa ile ambayo haijatoka bado.

Habari za michezo hiyo alizileta Éliezer, mfugaji kijana wa milimani, aliyeshuka kila siku ya soko na siagi. Alikuwa na shangazi Bujumbura aliyemtumia gazeti la Kifaransa la michezo ya televisheni, kurasa mbili tatu kwa safari. Wawili hao walikuwa na sheria: aliyeleta ukurasa anaandika nyuma yake jina, kijiji na tarehe, ili kesho asitokee mwongo kusema yeye ndiye aliyejua wa kwanza. Éliezer alikandamiza kalamu kwa nguvu, hata jina lake likaonekana upande wa pili, katikati ya picha.

Mwezi wa saba wa mwaka tisini na nane alileta ukurasa uliochanika nusu, unanuka siagi.

"Soma, yaya, soma!" alimhimiza kama mdogo kwa kaka, hata hajatua mzigo.

Bertin akasoma michezo mitatu iliyongojewa kutoka. Wa kwanza ulikuwa mchezo wa kuvua samaki.

"Kuvua?" Éliezer alishika mbavu. "Bazungu banakaa mu nyumba, banavua samaki ya televisheni?"

"Na banaiachilia, ndugu yangu. Imeandikwa hapa. Banaishika, banaipima, banairudisha mu maji."

"Usiisome kule Ubwari kwa bavuvi. Batakupiga na kasia."

Wa pili ulikuwa wa magari kwenye theluji. Bertin akaukataa kwa mstari wa makaa. Wa tatu ndio uliomfanya asimame. Bandari usiku, mashua tatu zimezima taa, mishale ikionyesha zitakapotia nanga, na chini, siku ya kutoka: tarehe 28 Agosti. Nusu nyingine ya picha ilikuwa imebaki Bujumbura. Bertin alishika kichwa, akazunguka kibanda mara mbili, akatoka nje kuwaambia kuku.

"Tarehe hiyo mi nitashuka," Éliezer aliahidi. "Hata mvua ya mawe. Tutasoma pamoja vile bazungu banausifu."

Alipoondoka, Bertin hakuweza kutulia. Alichukua makaa akauchora mchezo ule ukutani mwa kibanda, mkubwa kuliko mlango. Nusu iliyokosekana akaijaza kwa alichokijua: rasi ya Ubwari kama kidole kirefu, ghuba, gati la mitumbwi, mnara wa kanisa, barabara ya Lweba. Mashua tatu zikitoka nyuma ya Ubwari. Mishale. Tarehe. Ulipendeza mno.

Mwezi wa nane ulipoingia, redio alizokuwa akizitengeneza zilianza kusema maneno mengine. Uvira kumeharibika, waasi wameingia. Barabara ya Mboko haipitiki. Askari wa Baraka wakawa wanauliza mtu kwao wapi kabla ya kumuuliza jina, na watu wa milimani, walioshukiwa kuwa ndugu za waasi, wakaacha kuja sokoni. Tarehe ishirini na tano, asubuhi, komanda wao mwenyewe akaingia kibandani na redio yake ya kazini. Mtu mwembamba, mpole, wa kutisha kwa upole huo.

Aliiweka redio mezani. Akauona ukuta. Akautazama muda mrefu kiasi cha chai kupoa.

"Fundi. Nani alikupatia hii plan ya vita?"

"Si plan, Komanda. Ni muchezo. Wa televisheni."

"Uuwashe basi, nione."

"Haujatoka bado. Utatoka tarehe ishirini na nane."

Komanda alivuta kigoda akakaa. "Haujatoka. Lakini we unajua mashua iko tatu, unajua kwenye zitapita, unajua na siku. Muchezo wa namna gani huo unajulikana mbele ya kuchezwa?"

Bertin alifungua mdomo kumweleza jinsi michezo inavyotangazwa, akaona kwamba kila neno linamzidishia kamba shingoni.

"Niliona mu gazeti."

"Ulete hilo gazeti. Saa sita. Kama ni gazeti kweli, tutacheka sisi wote."

Alipotoka, Bertin aliutoa ukurasa chini ya betri. Ulikuwepo: bandari, mashua, tarehe, neno "mchezo" kwa Kifaransa, herufi kubwa. Ungemwokoa palepale. Na katikati ya bandari, kama limechongwa, jina la Éliezer na la kijiji chake. Ukilikata, unakata mashua na tarehe. Ukiliacha, askari watapanda mlimani kabla jua halijazama, wala hawatapanda kuuliza habari za michezo.

Mkewe, Immaculée, alisimama mlangoni na jembe begani. Shamba lao la muhogo lilikuwa chini ya mlima.

"Sasa?"

"Panda mpaka kwa Éliezer. Umuambie asishuke ile siku. Asishuke hata kidogo."

Immaculée alitazama ukurasa, akamtazama yeye. "Na hii?"

Bertin aliukunja mara nne, akautia mdomoni, akautafuna. Ulikuwa na ladha ya siagi.

Saa sita alimwambia komanda kwamba gazeti halipo, kwamba mashua zote alizitoa kichwani mwake. Komanda alitikisa kichwa taratibu, kama mganga aliyesikia ugonjwa anaoujua.

"Vizuri. Basi tarehe ishirini na nane utakaa na mi hapa. Zisipokuja, we ni muongo, urudie kazi yako. Zikikuja..." Akaichukua redio yake, ingawa ilikuwa bado mbovu.

Usiku wa pili Immaculée alirudi, miguu imevimba. "Sikumukuta. Balisema ameshatoka, amepitia kwa mujomba yake. Balisema ana haraka ya tarehe."

Ndipo Bertin, aliyekuwa amehesabu siku zile kwa furaha kama mtoto anayengoja Noeli, alipoanza kumwomba Mungu mchezo usitoke.

Tarehe ishirini na nane ziwa liliamka limelala kama sahani. Komanda aliketi kwenye kigoda, Bertin chini, ukuta nyuma yao, mlango wazi ukitazama ziwa. Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne, hakuna. Bertin akaanza kupumua. Saa tano kasoro, upande wa Ubwari, ukasikika mngurumo mdogo, kama nyuki ndani ya kopo.

Mashua moja. Ya pili. Watu wote walingoja, hata mbwa. Ya tatu.

Komanda hakupiga kelele. Alivunja kipande cha makaa, akamwekea Bertin mkononi.

"Chora yenye inabaki. Bandari ikishaanguka, batu yangu bapite wapi?"

"Barabara ya Lweba, Komanda. Banyooke tu."

"Na kule?" Kidole cha komanda kilielekea milimani. "Kule juu hakuna adui anajificha?"

Bertin aliugeukia ukuta. Mkono wake ulichora milima mirefu, ya duara, isiyo na njia hata moja.

"Mu muchezo, milima ni picha tu, Komanda. Balichora ya kupamba. Ukijaribu kupanda, unarudishwa nyuma. Hakuna mutu kule."

Komanda alikunja macho, akaanza kugeuza shingo kuelekea dirishani, kwenye mlima wenyewe. Na Bertin alikuwa ameshaona: juu kabisa, kwenye njia ya ng'ombe, kitu cheupe kikishuka mbiombio, kikipunga ukurasa.

Aliinuka, akasimama kati ya komanda na mlima, makaa mkononi.

"Ngoja, Komanda," alisema. "Angalia hapa ukutani. Sijamaliza."

Akaendelea kuchora, polepole, kila mti.