Kushoto ya Dereva

Fundi alipotoa kichwa nje ya hema asubuhi, mvua ilimchapa usoni. Akakirudisha ndani.

"Kukoje?" mkewe akauliza.

"Kubaya."

"Kubaya kama mwaka jana?"

"Zaidi."

Mkewe akaanza kuvaa soksi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Mwaka jana walifika hapahapa, begi mgongoni, baada ya siku kadhaa za kutembea milimani. Mbele yao kulikuwa na pengo kati ya vilele viwili. Ukilivuka hilo umemaliza kazi, upande wa pili ni kuteremka tu. Fundi alilitazama wingu, akasema turudi, wakarudi. Mkewe hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Kule gereji anakofanya kazi hawakuwa na huruma hiyo. Mpaka rangi wa magari, mtu mwenye mdomo usiojua likizo, alimbandika jina la Nusu Mlima, nalo likashika kuliko rangi zake. Mteja akija kumtafuta fundi wa malori, anaambiwa, "Unamtaka Nusu Mlima? Yule, miguu ile chini ya gari." Leo ilikuwa ama avuke, ama arudi kuishi na jina hilo mpaka azeeke.

Walipokunja hema, fundi akavuta zipu ya koti lake la mvua. Ikagoma kiunoni. Akavuta kwa nguvu, meno mawili yakaruka.

Mkewe akainama kuangalia. Zipu ilikuwa nyeusi tititi, imejaa mchanga.

"Baba watoto, umeipaka nini hii?"

"Grisi kidogo. Ilikuwa inakwaruza."

"Grisi ya beringi za malori?"

"Siku ya kwanza si uliona ilivyoteleza?"

"Na mchanga wa njia nzima umenasa humo. Wewe kila kinachokwaruza unakipaka grisi. Siku nikikohoa utanipaka na mimi."

Fundi akaiacha zipu. Akatoa kwenye begi vipande vya tyubu kuukuu ya tairi, ambavyo hatoki nyumbani bila kuwa navyo, mkewe akamfunga kifuani kama gunia la mkaa. Wakaanza kupanda.

Njia ilikuwa imegeuka mfereji. Maji yaliingia kwenye buti kwa juu na hayakuona sababu ya kutoka. Walijibanza chini ya jabali radi zikipiga, wakangoja hadi zilipohamia bonde la mbali. Walipotoka tu wakakutana na vijana wawili wanateremka, midomo inatetemeka.

"Shikamoo mzee. Rudini tu, huko juu hakupitiki. Upepo unatoka upande wa pili, unakupiga usoni na mvua ya mawe. Macho hayafunguki."

"Kuna genge la kuangukia?"

"Hakuna. Ni changarawe tupu, pana, lakini huoni unakoenda."

Fundi alimtazama mkewe. Moyoni alitamani aseme turudi, ili safari hii lawama iwe ya mwingine. Mkewe alikuwa anakaza mkanda wa begi.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mimi nimeshalowa."

Wakaendelea.

Kwenye mwinuko wa mwisho upepo uliwavaa kama ng'ombe aliyekata kamba. Mvua ya mawe ikamwagika. Tyubu moja ikafyatuka, koti likafunguka, maji ya barafu yakamshuka fundi kifuani hadi akakosa pumzi. Sasa hapo mtu hufa, si mzaha. Akageuza mgongo ili avute hewa.

Ghafla kukawa na nafuu. Begi lilipokea kipigo chote, kifua kikapumua. Mkewe alikuwa mbele yake, upande wa chini, amejikinga kwa mwili mpana wa mumewe kama mtu aliyesimama mlangoni. Fundi akarudisha mguu mmoja nyuma, kupanda. Akarudisha wa pili.

"Unafanya nini?" mkewe akapiga kelele.

"Narudi nyuma! Niongoze!"

Mkewe alishangaa kidogo tu. Yeye huuza spea getini pa gereji, na miaka yote ndiye anayeyaongoza malori yakitoka kinyumenyume kwenye ule uwanja mwembamba, kwa kuwa wanaume wa pale huongoza huku wanapiga soga, na ukuta una makovu ya ushahidi. Akashika kamba za begi la mumewe, akachungulia juu ya bega lake.

"Njoo! Njoo, njoo... kata kushoto!"

"Kushoto ya nani?"

"Ya dereva! Lini imekuwa ya mwingine? Nyoosha! Njoo!"

Wakapanda hivyo, uso kwa uso, yeye akiwa ukuta, mkewe akiwa macho. Fundi akakaa juu ya jiwe bila kupenda.

"Umegonga!"

"Unaniambia baada ya kugonga?"

"Nilisema simama, breki zako mbovu!"

Wakacheka, mvua ya mawe ikiwalia begini. Na kwa kuwa alitazama chini, fundi aliona pale walipopiga hema, palepale alipogeukia mwaka jana. Padogo kama sahani. Kisha kama kifuniko cha chupa. Kisha wingu likapameza, naye hakupasikitikia.

"Njoo... pole pole... njoo... simama! Vuta hendibreki!"

Begi lake liligusa rundo la mawe. Akageuka. Hapakuwa tena na kupanda.

Walijikunyata nyuma ya rundo, wakanywa chai ya chupa. Mawe ya barafu yakapungua, wingu likapasuka, na chini kabisa upande wa pili likaonekana paa jekundu la kibanda cha wasafiri, linafuka moshi. Simu ikashika mtandao. Fundi akampigia mpaka rangi.

"Enhe, Nusu Mlima! Umesharudi?"

"Nusu gani? Niko juu ya pengo. Nateremka upande wa pili."

"Wacha uongo!"

Mkewe akampokonya simu. "Shemeji, kavuka, nimemwongoza mwenyewe. Kinyumenyume, na hakugonga ila mara moja."

Upande wa pili wa simu ukalipuka. Mtu akagonga bodi ya gari kwa spana, wengine wakapiga vigelegele.

Fundi akaichukua simu, akaikata, akavaa begi.

"Sasa nani aongoze?" mkewe akauliza.

"Huku naona mwenyewe," fundi akasema, akashika mbele.